Josh Gibson

Joshua Gibson, anayejulikana zaidi kama Josh Gibson (Buena Vista, Georgia, 21 Desemba 1911 – Pittsburgh, Pennsylvania, 20 Januari 1947), alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchini Marekani. Alicheza kama mdakaji, hasa katika timu za Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords zilizokuwa katika Ligi za Weusi. Hizo zilikuwa ligi za Wamarekani Weusi katika miaka ambayo hawakuruhusiwa kucheza pamoja na wazungu katika Ligi Kuu ya Besiboli (MLB).

Gibson anahesabiwa miongoni mwa wapigaji hodari kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaanza kuichezea Brooklyn Dodgers na kuvunja ubaguzi huo. Kwa miongo mingi sifa zake zilitegemea masimulizi ya watu waliomwona. Mwaka 2024, baada ya watafiti kukusanya matokeo ya mechi za zamani kutoka magazetini, MLB iliingiza takwimu za Ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi. Kwa hatua hiyo Gibson akawa mchezaji mwenye wastani mkubwa zaidi wa kupiga katika maisha yote ya uchezaji, yaani 0.372.

Besiboli kwa ufupi

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila moja. Mrushaji wa timu moja humtupia mpira mpigaji wa timu nyingine, naye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia katika vituo vinne vilivyopangwa katika pembe za mraba. Anayezunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia huipatia timu yake pointi moja. Pigo kubwa kuliko yote ni homurani, ambapo kwa kawaida mpira huvuka ukuta wa uwanja na mpigaji huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa.

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira uliorushwa. Ni nafasi ngumu: magoti huchoka, vidole huumia mara kwa mara, na mchezaji hulazimika kuongoza ulinzi wa timu nzima. Kwa sababu hiyo timu nyingi hukubali mdakaji asiye mpigaji mzuri, na wadakaji walioongoza ligi kwa kupiga ni wachache. Jambo hilo huongeza uzito wa takwimu za Gibson.

Katika Afrika Mashariki besiboli haina wafuasi wengi. Mchezo unaofanana nao na unaofahamika zaidi ni kriketi. Hata hivyo una mizizi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Mwanza. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Pennsylvania, jimbo lile lile alimokulia Gibson.

Maisha ya awali

Gibson alizaliwa katika mji mdogo wa Buena Vista, jimboni Georgia, akiwa mtoto wa kwanza wa Mark na Nancy Gibson. Wazazi wake waliishi kwa kilimo. Kusini mwa Marekani wakati huo kulikuwa na sheria za ubaguzi wa rangi, na Weusi wengi walihamia miji ya kaskazini kutafuta kazi viwandani. Baba yake alitangulia kwenda Pittsburgh na kupata kazi katika kiwanda cha chuma, kisha akaiita familia. Josh alikuwa na umri wa takriban miaka 12 walipohama.

Huko Pittsburgh alisoma katika shule ya ufundi na kujifunza mambo ya umeme, lakini aliacha masomo baada ya darasa la tisa ili afanye kazi. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuendesha lifti katika duka kubwa la Gimbels, ambako pia alichezea timu ya wafanyakazi. Baadaye alijiunga na Crawfords, ambayo wakati huo ilikuwa timu ya vijana wa mtaani wasiolipwa mshahara. Alikua na kuwa kijana mwenye kimo cha takriban sentimita 185 na mwili wa misuli, na habari za nguvu zake zikaanza kuenea mjini.

Ligi za Weusi

Hakuna sheria iliyoandikwa iliyowazuia Weusi kucheza katika Ligi Kuu. Moses Fleetwood Walker, ambaye pia alikuwa mdakaji, aliichezea Toledo mwaka 1884 ilipokuwa katika ligi ya ngazi ya juu. Baada ya hapo wamiliki wa timu waliafikiana kimyakimya kutowaajiri Weusi, na mapatano hayo yalidumu zaidi ya miaka 60.

Weusi walijiundia timu na ligi zao. Mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuanzishwa kwa Negro National League katika mji wa Kansas City. Ligi hizo zilikuwa na mechi chache rasmi kuliko Ligi Kuu, ambayo kila timu yake ilipangiwa mechi 154 kwa mwaka. Ili kupata fedha za kutosha, timu za Weusi zilisafiri kwa mabasi kutoka mji hadi mji zikicheza na timu yoyote iliyokubali: timu za viwanda, za vijiji, na hata vikosi vya nyota wazungu baada ya msimu wao kwisha. Mara nyingine zilicheza mechi mbili au zaidi kwa siku moja. Nyingi ya mechi hizo hazikuwa za ligi, na hakuna aliyetunza hesabu zake.

Kuingia Homestead Grays

Gibson alianza kuichezea Homestead Grays, timu kubwa ya Weusi katika eneo la Pittsburgh, mwezi Julai 1930 akiwa na umri wa miaka 18. Kwa mujibu wa simulizi maarufu, alikuwa mtazamaji katika mechi ya usiku dhidi ya Kansas City Monarchs kwenye uwanja wa Forbes Field. Mdakaji wa Grays akaumia kidole, na Gibson akaitwa kutoka jukwaani avae sare. Wanahistoria wamebishana kuhusu baadhi ya vipengele vya simulizi hiyo, lakini hakuna ubishi kwamba tangu majira hayo nafasi ilikuwa yake.

Mwaka huohuo alipata pigo kubwa maishani. Mke wake, Helen Mason, alifariki mwezi Agosti wakati wa kujifungua mapacha, mvulana na msichana. Watoto hao, Josh Mdogo na Helen, waliokoka na kulelewa na wazazi wa mama yao, huku baba akiwa safarini na timu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wiki chache baada ya msiba alikuwa tena uwanjani, na Grays wakaishinda Lincoln Giants ya New York katika mfululizo wa mechi za ubingwa wa Weusi wa mashariki. Baadhi ya mechi hizo zilichezwa Yankee Stadium, ambako Gibson alipiga homurani iliyozungumzwa kwa miaka mingi.

Pittsburgh Crawfords

Mwaka 1932 Gibson alihamia Pittsburgh Crawfords. Mmiliki wake, Gus Greenlee, aliyetajirika kwa bahati nasibu isiyo halali, alikuwa ameigeuza timu ya mtaani kuwa timu ya kulipwa na kuijengea uwanja wake. Alikusanya wachezaji bora: mrushaji Satchel Paige, mkimbiaji Cool Papa Bell, Judy Johnson na Oscar Charleston. Wote wanne, pamoja na Gibson, waliingizwa baadaye katika Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli. Kikosi cha Crawfords cha katikati ya miaka ya 1930 hutajwa mara nyingi kuwa bora kuliko vyote katika historia ya Ligi za Weusi.

Mwaka 1933 Greenlee alianzisha pia mechi ya kila mwaka ya nyota wa mashariki na magharibi, iliyochezwa Chicago. Mechi hiyo ilivuta maelfu ya watazamaji, na Gibson alichaguliwa mara nyingi kuicheza.

Dominika, Meksiko na Puerto Riko

Kabla ya msimu wa 1937 Crawfords, iliyokuwa na matatizo ya fedha, ilimrudisha Gibson kwa Grays. Lakini mwaka huo yeye, Paige, Bell na wengine walikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea Ciudad Trujillo, timu iliyopewa jina la mji mkuu na kuungwa mkono na mtawala wa kiimla Rafael Trujillo. Timu ilitwaa ubingwa, kisha Gibson akarejea na kumaliza msimu na Grays.

Mwaka 1940 na 1941 alicheza Meksiko katika timu ya Veracruz, ambako alilipwa zaidi kuliko alivyoweza kulipwa nyumbani. Mwaka 1941 alipiga homurani 33 huko. Grays walimshtaki mahakamani kwa kuvunja mkataba, na shauri likaisha baada ya yeye kukubali kurudi. Katika majira ya baridi ya 1941–42 aliichezea Santurce ya Puerto Riko na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Safari hizo hazikuwa za fedha peke yake. Katika nchi za Karibi na Meksiko wachezaji Weusi walilala katika hoteli na kula katika mikahawa ambayo kwao Marekani ingewafungia mlango, nao walicheza pamoja na wazungu bila kizuizi.

Miaka ya ubingwa

Grays ilitawala Ligi za Weusi kuanzia 1937, ikichukua ubingwa wa ligi yake karibu kila mwaka hadi 1945. Gibson alishirikiana na Buck Leonard, aliyecheza katika kituo cha kwanza, na magazeti yaliwafananisha wawili hao na Babe Ruth na Lou Gehrig wa New York Yankees. Timu ilishinda mfululizo wa ubingwa wa Weusi wa taifa mwaka 1943 na 1944, mara zote mbili dhidi ya Birmingham Black Barons.

Katika miaka hiyo Grays ilicheza mechi nyingi za nyumbani mjini Washington, D.C., katika uwanja wa Griffith Stadium wa Washington Senators. Uwanja huo ulikuwa mgumu kwa mpigaji wa mkono wa kulia kama Gibson, kwa kuwa ukuta wa kushoto ulikuwa mbali sana. Mmiliki wa Senators, Clark Griffith, aliwahi kuwaita Gibson na Leonard ofisini na kuzungumza nao kuhusu kucheza Ligi Kuu, lakini hakuwapa mkataba. Timu yake ilikuwa mara nyingi miongoni mwa zile za chini kwenye msimamo wa ligi, huku wapigaji wawili hao wakijaza uwanja wake kwa niaba ya timu nyingine.

Ugonjwa na kifo

Siku ya kwanza ya mwaka 1943 Gibson alizimia na kulazwa hospitalini. Aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo, lakini alikataa upasuaji akihofia madhara yake. Tangu hapo alisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa, na unywaji wake wa pombe ukazidi. Katika vipindi fulani alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Washington.

Licha ya hayo, msimu wa 1943 ndio uliompa wastani wake mkubwa wa kupiga, 0.466. Magoti yake yaliendelea kudhoofika na wepesi wake katika kudaka ukapungua, lakini alibaki miongoni mwa wapigaji wa kuogopwa hadi msimu wa 1946.

Mwezi Oktoba 1945 Branch Rickey, kiongozi wa Brooklyn Dodgers, alitangaza kumsajili Jackie Robinson. Mwaka 1946 alimsajili pia Roy Campanella, mdakaji wa Ligi za Weusi aliyekuwa mdogo kwa Gibson kwa miaka 10. Hakuna timu iliyomtaka Gibson. Alikuwa na umri wa miaka 34, mgonjwa, na habari za unywaji wake zilijulikana.

Alifariki kwa kiharusi nyumbani Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947. Robinson alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu tarehe 15 Aprili mwaka huo. Baadhi ya wachezaji wenzake waliamini kwamba uchungu wa kupitwa na nafasi hiyo ulichangia kifo chake, lakini ugonjwa wake ulikuwa umeanza miaka minne kabla. Alizikwa katika makaburi ya Allegheny mjini Pittsburgh. Kaburi lake halikuwa na alama yoyote hadi mwaka 1975.

Hadithi ya homurani 800

Bamba la Gibson katika Ukumbi wa Umaarufu linasema kwamba alipiga karibu homurani 800. Idadi hiyo inajumlisha mechi za ligi, za maonyesho na za timu za mitaani, na haiwezi kuthibitishwa. Homurani zilizothibitishwa katika mechi za ligi hazifiki 200.

Tofauti hiyo imewafanya watu wengine kudhani kwamba sifa za Gibson zilitiwa chumvi. Maelezo yake ni mepesi zaidi: mechi rasmi za ligi zilikuwa sehemu ndogo ya mechi alizocheza. Kumbukumbu zilizokusanywa zinaonyesha takriban mechi 600 za ligi katika maisha yake yote ya uchezaji, wakati Babe Ruth alicheza zaidi ya 2,500 na Ty Cobb zaidi ya 3,000. Kwa hiyo jumla haiwezi kuwa kipimo cha haki. Kipimo kinachofaa ni kile kinachouliza mpigaji alifanya nini katika kila zamu aliyopata, na hapo ndipo takwimu, zilizopunguza sana homurani za Gibson, zilipompandisha juu ya wote.

Kukusanywa kwa takwimu

Mwaka 1969 kamati maalumu ya besiboli iliamua ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa ligi kuu. Ilizitambua sita, zikiwemo zilizodumu kwa mwaka mmoja au miwili tu. Ligi za Weusi hazikuwemo.

Kazi ya kuzitafutia takwimu ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1971 kilianzishwa chama cha utafiti wa besiboli kinachojulikana kwa kifupi kama SABR, na kutokana na jina hilo Bill James aliunda neno sebametriki, yaani uchunguzi wa besiboli kwa njia ya takwimu. Ndani ya chama hicho iliundwa kamati ya Ligi za Weusi. Watafiti walisoma magazeti ya zamani, hasa ya Weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, wakinakili jedwali la kila mechi waliyoiona.

Kazi ilikuwa na vikwazo. Magazeti mengi ya Weusi yalitoka mara moja kwa wiki, hivyo mechi nyingine zilipata mistari michache tu. Baadhi ya majedwali yaliandika mapigo bila kutaja idadi ya zamu. Majina yalikosewa, na wachezaji wawili wenye jina moja la ukoo walichanganywa. Watafiti walilinganisha magazeti ya miji miwili kuhusu mechi moja, wakatenga mechi za ligi na za maonyesho, kisha wakahakikisha kwamba hesabu za wapigaji zinakubaliana na za warushaji. Mwaka 2011 matokeo ya kazi hiyo yalianza kuwekwa kwenye intaneti katika hifadhidata ya Seamheads, ambayo baadaye ikawa msingi wa takwimu rasmi.

Vipimo vya upigaji wake

Takwimu zinazotumika kumpima Gibson ni hizi:

Wastani wa kupiga ni idadi ya mapigo yaliyomfikisha mpigaji kituoni ikigawanywa kwa zamu zake. Wastani wa 0.372 una maana ya mapigo 372 katika kila zamu 1,000. Cobb, aliyeshikilia rekodi hiyo kabla, alikuwa na 0.367.

Wastani wa vituo hupima nguvu. Pigo la kituo kimoja huhesabiwa 1 na homurani huhesabiwa 4, kisha jumla hugawanywa kwa zamu. Gibson ana 0.718 na Ruth ana 0.690. Katika msimu mfupi aliocheza mwaka 1937 Gibson alifikia 0.974, yaani karibu kituo kimoja kwa kila zamu. Rekodi iliyotangulia ilikuwa 0.863 ya Barry Bonds mwaka 2001.

OPS hujumlisha wastani wa vituo na wastani wa kufika kituoni kwa njia yoyote, ikiwemo kupewa kituo bila kupiga kutokana na mirusho mibaya. Gibson ana 1.177 na Ruth ana 1.164.

OPS iliyorekebishwa humlinganisha mpigaji na wenzake wa ligi na mwaka uleule, ikizingatia pia ukubwa wa viwanja. Mchezaji wa kawaida hupata 100. Waliozidi 200 kwa maisha yote ya uchezaji ni Gibson na Ruth peke yao. Kipimo hiki hujibu hoja kwamba namba za Gibson zilitokana na viwanja rahisi.

Vipimo vya kujumlisha, kama kile kiitwacho WAR kinachokadiria ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu yake, havimweki kileleni, kwa sababu huongezeka kadiri mechi zinavyokuwa nyingi. Mechi ni kitu ambacho Gibson hakupewa.

Kutambuliwa na MLB

Tarehe 16 Desemba 2020 MLB ilitangaza kwamba ligi saba za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 ni ligi kuu. Kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn ilipitia takwimu zake, na mwishoni mwa Mei 2024 takwimu za zaidi ya wachezaji 2,300 ziliingizwa rasmi. Mbali na rekodi za maisha, Gibson alipewa rekodi ya wastani wa kupiga kwa msimu mmoja, 0.466 ya mwaka 1943, iliyopita 0.440 ya Hugh Duffy ya mwaka 1894.

Uamuzi huo ulizua mjadala. Waliopinga walisema kwamba misimu ya Ligi za Weusi ilikuwa mifupi, na kwamba katika mechi chache ni rahisi zaidi kupata wastani mkubwa au mdogo kupita kiasi. Kitakwimu hoja hiyo ni ya kweli, na inahusu hasa rekodi za msimu mmoja. Waliounga mkono walijibu kwamba mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, kila timu ya MLB ilipangiwa mechi 60 tu na takwimu zake zikahesabiwa bila ubishi. Waliongeza kwamba Cobb na Ruth nao hawakuwahi kukabiliana na warushaji Weusi katika mechi za ligi, na kwamba ufupi wa misimu ulisababishwa na ubaguzi uleule.

Wakati wa tangazo hilo ilikadiriwa kwamba takriban robo tatu ya kumbukumbu za 1920 hadi 1948 zilikuwa zimepatikana. Kila jedwali jipya likigunduliwa, namba za Gibson zinaweza kupanda au kushuka kidogo.

Urithi

Mwaka 1966 Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kizungu, alitumia hotuba yake ya kuingia katika Ukumbi wa Umaarufu kuomba kwamba Paige na Gibson nao wakumbukwe. Paige aliingizwa mwaka 1971. Gibson alifuata mwaka 1972 pamoja na Buck Leonard. Mwaka 2006 watu wengine 17 wa besiboli ya Weusi waliingizwa kwa mara moja, baada ya utafiti wa kina wa takwimu zao.

Mwanawe, Josh Mdogo, aliichezea Grays katika miaka yake ya mwisho, na mwaka 1994 alianzisha taasisi yenye jina la baba yake inayosaidia watoto wa Pittsburgh katika michezo na masomo. Tangu mwaka 2009 sanamu ya Gibson imesimama katika uwanja wa Nationals Park mjini Washington. Mwaka 2000 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta ya Marekani, na mwaka 2017 opera kuhusu maisha yake ilionyeshwa mjini Pittsburgh.

Mwaka 2020 jina la Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa mkuu wa besiboli kuanzia 1920 hadi 1944 wakati Weusi walipozuiwa, liliondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Familia ya Gibson na watu wengine wamependekeza tuzo hiyo ipewe jina la Josh Gibson.